Geji Tano, Kipimajoto Kimoja

Vijana wa karakana, mmeniomba niandike jinsi kazi ilivyokuwa kabla hamjaletewa mashine zinazojieleza zenyewe zinaumwa wapi. Nimekubali, ila msitegemee maneno matamu. Wenzangu wamestaafu na mashuka na sufuria za zawadi, mimi nimestaafu na kinyongo, na katika umri huu sioni sababu ya kukificha. Vyeo sitavizungumzia, maana nilipewa vichache na vyote vilichelewa. Nitawasimulia habari ya kopo la siagi lililo ukutani kwenye chumba cha kompresa, lile mnalolipaka rangi kila mwaka bila kuuliza kuna nini ndani, na habari ya mtu aliyelitengeneza. Aliitwa Masatu.

Mimi ni mtoto wa wafugaji wa Butiama. Nilipomaliza shule ya ufundi na kupangiwa kazi Musoma, kiwanda kilikuwa bado cha serikali, na kilikuwa cha maziwa. Baba aliposikia habari hiyo akasema, "Kwa hiyo umesoma miaka yote hiyo ukachunge maziwa ambayo yameshakamuliwa." Ndiyo baraka niliyoondoka nayo.

Siku ya kwanza mlinzi wa getini alinisoma kuanzia kiatuni hadi kitambaa cha kichwa. "Dada, wapiga taipu wanakaaga kule juu," akasema, akanionyesha ngazi. Nikamwambia mimi ni fundi wa vipimo. Akacheka, akamwita mwenzake naye aje acheke. Walikuwa bado wanacheka pale alipotokea mwanaume mfupi, mikono yake ina makovu ya kuungua, koti la baridi amelining'iniza begani. Hakucheka. Alisema tu, "Huyo ni wa kwangu, nilimuomba mimi," akatangulia kutembea. Huyo ndiye alikuwa Masatu, fundi mkuu wa umeme mdogo, mzaliwa wa Kibara.

Nilidhani atanipeleka karakana anionyeshe vifaa. Alinipeleka moja kwa moja chumba cha baridi, akafungua ule mlango mzito, akaniambia niingie. Ndani siagi ilikuwa imepangwa hadi juu. Nikasimama pale natetemeka. Masatu alikuwa na kipimajoto cha kioo, kile cha maji mekundu, amekifunga kwenye kamba ya katani, akakining'iniza katikati ya chumba. Tulisubiri. Kilipotulia akakisoma, tukatoka, ndipo akaniruhusu kutazama geji ya ukutani.

"Wewe binti, ushike hii," akasema. "Kwanza unaingia mwenyewe. Halafu kamba. Halafu ndiyo geji. Macho inadanganywaga, mwili haidanganywagi."

Huo ndio ulikuwa utaratibu wetu kila asubuhi: kuingia, kamba, geji. Wengine walituona washamba. Kumbukeni neno kamba, maana siku ilipokatazwa ndipo mambo yalipoharibika.

Sasa niwaeleze mtambo wenyewe. Ndani ya chumba kulikuwa na kipimajoto cha umeme, na nje yake kadi ndogo iliyogeuza joto kuwa volti. Chumba kikipata joto, volti zinapanda. Kikipoa, zinashuka. Volti hizo zilikwenda sehemu mbili tu: kwenye swichi iliyoamuru kompresa, ile mashine inayoleta baridi, iwake au ipumzike, na kwenye geji moja iliyokuwa palepale. Waliofunga mtambo ule waliupimia kazi hiyo tu, na kwa kazi hiyo ulifaa.

Kisha ikaja ile miaka ya kukosa kila kitu. Sabuni tulikuwa tunagawana kipande kwa uzi. Sukari tuliisikia redioni. Karakana tukiomba fyuzi tulijibiwa kwamba fedha za kigeni hakuna, tukiomba risasi ya kulehemu jibu ni lilelile. Masatu alikuwa anakwangua risasi kwenye redio zilizokufa, anaiyeyusha upya kwenye kifuniko cha chupa. Katika hali hiyo, ambapo hata balbu ya chooni ilikuwa inafungiwa stoo, wakubwa wetu walipatwa na hamu ya geji.

Ilianza kwa meneja wa wakati huo. Alipata geji nzuri ya shaba kutoka mtambo mmoja uliokufa, akataka ifungwe ukutani ofisini kwake ili ajue hali ya chumba bila kuinuka. Mkuu wa uzalishaji alipoiona naye akataka. Akafuata mkuu wa mauzo. Mwishoni mhasibu, ambaye sidhani kama aliwahi kuuona mlango wa chumba cha baridi, akaja karakana kulalamika kwamba amesahaulika. Geji ilikuwa imeshakuwa kama zulia au kiti cha kuzunguka: usipokuwa nayo, wewe si mkubwa. Pamoja na ile ya mwanzo, zikawa tano.

Amri ilikuwa tuvute waya kutoka kwenye kadi hadi kila ofisi. Tukavuta. Kila tulipoongeza geji, Masatu aliingia na kamba yake, akatoka amekunja uso. Geji zilisema chumba kina baridi kali, kamba ilisema kina baridi ya wastani, na siagi ya pembeni ilianza kubonyea kwa kidole.

Nilikuwa nimesoma jambo hilo shuleni, ila kulisoma na kulielewa ni vitu viwili. Aliyenielewesha ni Masatu, tena kwa mfano wa kanisani.

"Unamjua yule padri mzee wa Nyegina?" akaniuliza. "Yule sauti yake imeisha?"

Namjua, nikasema. Alikuwa anaongea kama mtu anayepuliza chai.

"Akihubiria watu wote peke yake anachoka, sauti inashuka, watu wa nyuma wanasikia nusu. Kwa hiyo katekista anasimamaga pembeni yake. Padri anasema taratibu kwa katekista tu. Katekista anarudia kwa nguvu zake mwenyewe. Haongezi, hapunguzi. Sasa hii kadi ni padri. Hizi geji tano zinamchosha. Tumtafutie makatekista."

Ndivyo ilivyo, wanangu. Ile kadi ilikuwa dhaifu. Kila geji iliyofungwa ilikunywa umeme kidogo, na zilipokuwa tano zikanywa kiasi cha kuzishusha volti zenyewe. Volti zikishuka, geji inasema baridi. Swichi ya kompresa nayo inaona volti hizohizo zilizoshuka, inaamini chumba kimepoa, inaipumzisha kompresa. Chumba kinapata joto, na kila geji inasema kila kitu ni salama.

Dawa yake ni kile mafundi wanachokiita bafa: kidude cheusi chenye miguu minane kinachoisikiliza volti bila kuinywa, kisha kinatoa volti ileile kwa nguvu ya umeme wake mwenyewe. Unauchukua mguu wa kutolea unauunganisha na mguu mmoja wa kuingilia, basi, kinakuwa hakina maoni yake. Kinasema kile kilichoambiwa. Ningependa kiwanda chetu kingekuwa na watu wa namna hiyo.

Vidude hivyo Musoma havikuwepo. Masatu akasikia kwamba kwenye kiwanda kimoja cha kuchambulia pamba, Bunda, kuna kabati la umeme lililoungua miaka mingi na halijatupwa. Tukaenda kwa lori la maziwa, tumepakata siagi iliyofungwa kwenye majani ya mgomba. Mtunza stoo wa kule alitusikiliza mwanzo hadi mwisho, akachukua kidude kimoja akakigeuzageuza kiganjani.

"Nyie watu wa Musoma," akasema, "hii vitu inaliwaga?"

"Hailiwi," Masatu akamjibu. "Inayoliwa ni hii." Akafunua majani.

Tulirudi na vidude ambavyo vingi vilikuwa vimekufa. Tulivipima kimoja kimoja kwa siku nyingi, tukapata vya kutosha. Sanduku la kuvifungia halikuwepo, ndipo Masatu akachukua kopo la siagi, lile kubwa la jikoni, akalitoboa matundu: moja la kuingilia, sita ya kutokea. Moja la kompresa, matano ya geji. Kila tundu na katekista wake.

Mwanzoni sindano ya geji ya meneja ilitetemeka kama ina homa, kwa sababu waya wa kwenda kwake ulikuwa mrefu na kidude hakikuupenda. Masatu akaweka rezista ndogo, kidude cha kuubana umeme, kwenye kila tundu la kutokea, sindano ikatulia. Hilo mlishike, bado linasaidia. Uzuri mwingine wa kopo ulikuwa huu: kila tundu lilijitegemea. Panya walipotafuna waya wa mhasibu hadi ukagusana, ni geji ya mhasibu tu iliyokufa, nyingine hazikujua. Ilikaa imekufa muda mrefu bila mtu kugundua, na mhasibu mwenyewe hakugundua hadi tulipokuja kuubadilisha waya.

Kopo likafanya kazi miaka yote ile ya shida. Kamba na geji vilikubaliana kila asubuhi. Hakuna aliyetushukuru, na hatukungoja shukrani. Masatu alikuwa analigonga kwa kucha akipita, kama mtu anayemsalimia ng'ombe wake.

Kisha upepo ukageuka. Serikali ikauza kiwanda. Nusu ya wenzetu wakarudishwa nyumbani ndani ya wiki moja, na majokofu yaliyokuwa yanalaza siagi yakaanza kulaza minofu ya sangara ya kupeleka Ulaya. Tukaletewa meneja mpya, mtu wa suti, mwenye haraka, asiyependa kitu chochote chenye kutu. Sisemi alikuwa mjinga. Mjinga ningemsamehe.

Meneja huyu alikataza kamba. Alisema mfanyakazi haruhusiwi kuingia chumba cha baridi bila buti nyeupe, kofia na ruhusa yake, na kwamba geji zinatosha, ndiyo maana ziko tano. Masatu alibisha, akaambiwa zama za kubahatisha zimepita.

Wanunuzi kutoka nje wakataka kuja kukagua. Kiwanda kizima kikasafishwa. Kila kilichoonekana kizee kilipakwa rangi au kilitupwa. Wakati huo Masatu alikuwa Kibara kwenye msiba wa kaka yake, na mimi nilitumwa Bunda kufuata mikanda ya kompresa. Meneja akaleta mafundi wa umeme wa majumbani kutoka Mwanza wapange nyaya upya. Wakakuta kopo la siagi ukutani, lina matundu, limefungwa kwa waya wa kuezekea. Mafundi wale walijua taa: ukitaka taa sita ziwake, unaziunganisha zote mahali pamoja. Wakang'oa kopo, wakaziunganisha nyaya zote sita kwenye konekta moja safi nyeupe, wakafunika. Kwa macho ilipendeza.

Masatu aliporudi alikwenda moja kwa moja pale ukutani. "Kopo iko wapi?" akaniuliza. Sikujua. Tukaliona kwenye lundo la vyuma nyuma ya karakana. Akalifuta vumbi kwa shati lake, akaenda nalo ofisini kwa meneja, mimi nikiwa nyuma yake.

Meneja alitusikiliza akiwa amesimama. Akamwonyesha geji yake. "Inasoma vizuri." Akapiga simu kwa mkuu wa uzalishaji, akamuuliza yake inasemaje. Ikasema vilevile. Akauliza ya mauzo. Vilevile. Akaweka simu chini.

"Zote zinakubaliana," akasema. "Wewe peke yako ndiye unayebisha."

"Mheshimiwa, zinakubaliana kwa sababu zote zinadanganywa na mtu mmoja, ile kadi iliyochoka," Masatu akasema. "Niruhusu niingie na kamba tu. Mara moja."

"Umeshakuwa mzee, Masatu. Rudi kazini. Na hilo kopo lisirudi ukutani kwangu."

Wageni walikuja, wakapiga picha, wakaondoka. Shehena ya kwanza kubwa ikafungashwa. Daktari wa samaki alipofika kuipitisha, alitoboa boksi la kwanza, akachomeka kipimajoto chake, akatikisa kichwa. Akatoboa la pili na la tatu. Minofu ilikuwa migumu kwa nje na haijafikia baridi inayotakiwa kwa ndani. Akaikataa yote. Malori ya takataka yalipishana getini, na mji mzima ukasikia harufu ya hasara yetu.

Mwenye kiwanda akataka mkosaji, na meneja alikuwa na jibu tayari. Geji zilionyesha baridi wakati wote, alisema, kwa hiyo mtambo ni mzima. Kama mtambo ni mzima na samaki ni wa moto, basi kuna mtu alikuwa anazima jenereta umeme wa mji ukikatika, ili dizeli ibaki aiuze. Na funguo za jenereta alikuwa nazo nani? Masatu.

Walimwita getini wakati zamu zinabadilishana, wanaotoka na wanaoingia wote wakiwa pale. Meneja alipanda juu ya kreti la samaki ili aonekane. Akasema kwa sauti kwamba Masatu ni mwizi wa dizeli, ameua kiwanda, na asikanyage tena pale.

Masatu hakupiga kelele. Alisema, "Pimeni tanki. Mwizi gani anaiba mafuta inaongezeka?" Mtunza stoo akapima. Dizeli ilikuwa nyingi kuliko ilivyotarajiwa, kwa sababu kompresa zilipumzishwa mno zikala umeme kidogo. Kitu gani kingine mtu angetaka kama ushahidi? Meneja akasema Masatu ameongezea maji. Watu wakacheka. Nilisimama mbele nikapaza sauti kwamba si kweli, kwamba ni geji, kwamba kopo limeng'olewa, nikaambiwa nikae kimya au niondoke na huyo baba yangu wa karakana. Masatu akanigeukia.

"Wewe kaa," akasema polepole. "Una watoto. Na hiyo kopo siku moja itahitaji mtu."

Akavua koti la baridi, akalikunja vizuri, akalitundika kwenye geti. Akaondoka akiwa na shati tu.

Wiki iliyofuata nilikwenda kwa meneja bila kuitwa. Nilimwomba kitu kimoja: akae kwenye kiti chake, aitazame geji yake ya shaba, asifanye kingine. Nilikwenda kwenye ile konekta nyeupe nikachomoa waya wa mhasibu. Nikachomoa wa mauzo. Nikachomoa wa uzalishaji, kisha ule wa geji ya pale chumbani. Niliporudi ofisini alikuwa amesimama, uso umekaribia ukuta. Hakuna mtu aliyegusa mlango wa chumba cha baridi, hakuna samaki aliyeingia wala kutoka, lakini kila nilipochomoa waya sindano yake ilipanda kuelekea kwenye joto. Alikuwa ameiona ikipanda mara nne.

"Funga mlango," akasema.

Nikaufunga. Akakaa. Aliuliza maswali mazuri, lazima niseme hivyo. Alielewa haraka kuliko mimi nilivyoelewa ujanani. Alipomaliza kuelewa akasema, "Lirudishe lile kopo. Ila maneno haya yabaki humu ndani."

"Na Masatu?"

"Mwenye kiwanda ameshaambiwa ni dizeli. Nikienda sasa kumwambia ni nyaya zangu mwenyewe, tunaondoka wote. Acha msimu upite. Nitamrudisha."

Nilitaka kumtemea mate. Badala yake nilikwenda kwenye lundo la vyuma. Kopo lilikuwa limetupwa tena humo, kuku wa mlinzi wamelitagia. Nilibadilisha kidude kimoja kilichovunjika miguu, nikalifunga palepale lilipokuwa. Asubuhi iliyofuata niliingia na kamba bila ruhusa ya mtu. Kamba na geji zikakubaliana. Tangu hapo hakuna shehena iliyokataliwa kwa sababu ya baridi, na meneja akapewa sifa kwa kukinyoosha kiwanda.

Msimu ulipita. Ukapita na mwingine.

Nilikwenda Kibara kumtembelea Masatu kila nilipopata likizo. Alikuwa anatengeneza redio za wavuvi kwenye kibaraza cha nyumba yake, na mke wake, Mama Neema, anauza dagaa. Mara ya kwanza nilipofika niliuliza njia kwa watoto waliokuwa wanacheza ufukweni. Nilisema naenda kwa Mzee Masatu. Wakatazamana. "Eeh," mmoja akasema, "Mzee Dizeli!" Wakanisindikiza wakiimba jina hilo hadi mlangoni. Masatu alilisikia. Aliinua macho kutoka kwenye redio, akanikaribisha, akaniulizia watoto, akauliza kopo linaendeleaje. Nikamweleza kila kitu, sindano iliyopanda mara nne na ahadi ya meneja.

"Kazi siitaki tena," akasema. "Mimi nataka kitu moja tu. Pale getini waliponisemea, wasemee palepale. Waseme hivi: Masatu hakuuza dizeli, geji zilikuwa zinadanganya. Basi. Wasiongeze, wasipunguze."

Nilimpelekea meneja maneno hayo kama yalivyo. Alisema atayasema, muda ukifika. Alihamishwa muda haujafika. Nikamwambia aliyemfuata, akanijibu hayo ni ya zamani, hayamhusu. Wa tatu alidhani namsimulia hekaya. Nilipowaambia wafanyakazi wenzangu walikubali kwa kichwa, maana wengi walishajua, ila kujua chini chini na kutangazwa getini ni mbingu na ardhi. Aibu aliyopewa mtu kwenye umati hairekebishwi kwa kunong'ona kantini.

Masatu alifariki mwaka jana. Nilikwenda kuzika. Watu walikuwa wengi, waimbaji waliimba vizuri, na nyuma yangu kwenye turubai nilimsikia mwanaume akimweleza mgeni marehemu alikuwa nani. "Alikuwa fundi wa Musoma," akasema, "yule wa dizeli." Niligeuka nikamweleza ukweli. Akaniomba radhi. Nikaona waliokaa mbele yake na nyuma yake hawakusikia, na siwezi kuwageukia watu wa Kibara mmoja mmoja hadi nife.

Kwa hiyo mliponiambia mnataka kuniaga, nilisema nina sharti moja. Sherehe isiwe ukumbini, iwe getini, zamu zikibadilishana. Mlidhani napenda upepo wa ziwa. Nilizifunga spika mwenyewe, nne, kila moja na waya wake, nikazijaribu kwa mkono wangu. Nikamtumia Mama Neema nauli ya basi, akaja, akakaa mbele na kitenge chake cha msiba.

Mnakumbuka nilichosema, kwa sababu kilikuwa kifupi na mlikuwa mnangojea soda. Nilisema, "Masatu hakuuza dizeli. Geji zilikuwa zinadanganya." Nikarudisha kipaza sauti. Mlipiga makofi kwa adabu. Mshereheshaji akasema, "Asante sana mama yetu kwa historia hiyo fupi," akaita keki. Kijana mmoja karibu yangu alimuuliza mwenzake Masatu ni nani, mwenzake akabetua mabega. Sikuwalaumu. Wengi wenu hamkuwa mmezaliwa.

Nilikwenda kukaa karibu na Mama Neema. Alinishika mkono akaubana.

"Mdogo wangu, umesema kama alivyosemaga mwenyewe," akaniambia. "Hukuongeza, hukupunguza."

Nikajibu kwamba ndivyo alivyonifundisha. Akaitazama ile sehemu ya geti ambapo koti lilikuwa limetundikwa.

"Sasa yeye amesikilia wapi?" akauliza.

Spika zilikuwa nne, zote zinafanya kazi vizuri, na hakuna hata moja iliyofika Kibara.